Mabuti yasiyopitisha maji kwa wenye miguu mipana: maswali ninayoulizwa kila mara Mwanza

Mimi ni mnunuzi wa dagaa. Kwa miaka tisa nimezunguka mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, ya Igombe, Kayenze, Kirumba na visiwa vya Ukerewe, na miguu yangu ni mipana. Masika ya kwanza niliyapitia na buti gumu la kazini ambalo muuzaji aliniapia kuwa "litajinyoosha lenyewe". Halikujinyoosha. Mwezi Mei ukucha wa kidole kidogo cha kulia ulitoka, na kidole cha jirani yake kikabaki na ganzi hadi Agosti. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchunguza viatu, na wenzangu wameniuliza mengi. Majibu nimeyaweka hapa mahali pamoja, ili mwingine asipoteze hela na kucha. Mengi yanahusu buti la mtindo wa peku, maana ndilo linaloacha nafasi kwa mguu mpana.

Buti la mtindo wa peku ni lipi hasa?

Ni buti linaloacha mguu ufanye kazi yake kama vile unatembea peku, huku likikukinga. Soli yake ni nyembamba, mara nyingi kati ya milimita 3 na 10. Kisigino na mbele viko kimo kimoja, hakuna kilima nyuma. Sehemu ya mbele imekatwa kufuata vidole vilivyotanuka, haikuchongwa kama ncha ya mkuki. Lishike mkononi: utaweza kulikunja, hata kulisokota kama unayekamua nguo. Mzee anayevaa katambuga za tairi anaijua nusu ya habari hii tangu ujana wake, maana soli yake ni bapa na vidole vyake viko huru.

Kampuni zinazojulikana kwa kazi hii ni Vivobarefoot ya London, Xero Shoes na Lems za Colorado huko Marekani, na Be Lenka ya Slovakia. Altra nayo hutengeneza viatu vyenye mbele pana na kisigino kisichoinuka, lakini soli zake ni nene na laini, kwa hiyo nazihesabu kama ndugu wa mbali. Angalia pia kwamba kampuni hizo zina matoleo mengi, na si kila toleo linazuia maji. Upana, wepesi na kuzuia maji ni mambo matatu tofauti. Kuyapata yote kwenye buti moja ndiko kunakosumbua.

Nitajuaje kama mguu wangu ni mpana kweli?

Pima. Watu wengi watakwambia "navaa 43" bila kusita, na hawajawahi kupima upana wa mguu wao hata siku moja.

Chukua karatasi mbili na penseli. Fanya kazi hii jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kufikia saa hizo, na buti litauvaa mguu wa jioni pia. Vaa soksi utakazovalia buti. Karatasi iwe juu ya sakafu ngumu, isiwe juu ya zulia wala mkeka. Kisigino kiguse ukuta. Simama, uzito wote uwe kwenye mguu unaopimwa, na mwombe mtu akuchoree, kwa sababu ukiinama mwenyewe uzito unahama na mchoro unakudanganya. Penseli isimame wima kabisa. Ikilala kidogo tu kuelekea ndani, itaingia chini ya unyayo na utapata mguu mwembamba usio wako. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote.

Sasa pima urefu kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengine ni kidole cha pili, si gumba. Kisha pima upana kutoka kwenye fundo la gumba hadi kwenye fundo la kidole kidogo, pale mchoro unapotokeza zaidi. Pima miguu yote miwili, chukua vipimo vya ule mkubwa. Mguu wangu wa kulia ni sentimita 26.4 kwa 11.2, wa kushoto ni 26.1 kwa 11. Mwanamume mwenye urefu kama wangu na mguu wa kawaida huwa na upana wa karibu sentimita 10. Hiyo sentimita moja na ushee ndiyo iliyoondoka na ukucha wangu.

Mbele ya vidole ongeza milimita 10 za nafasi, kisha kata mchoro kwa mkasi. Karatasi hiyo ndiyo mguu wako wa kwenda nao sokoni. Ukiona buti, vuta soli yake ya ndani uiweke juu ya karatasi. Karatasi ikitokeza pembeni, buti hilo si lako, hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Yangu nimeizungushia selotepu pande zote mbili isilowane, nami huibeba ndani ya daftari la mizani.

Si ninunue tu namba kubwa zaidi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tulipoumia. Namba inapima urefu. Kwa vipimo vya Ulaya, kila namba inaongeza theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67. Ukitoka 42 kwenda 44 umeongeza zaidi ya milimita 13 mbele ya vidole, wakati upana umeongezeka milimita chache tu. Vidole bado vimebanwa, na sasa una buti refu.

Urefu huo wa ziada una gharama. Kila buti lina mahali pake pa kukunjika, na mahali hapo panatakiwa pakutane na mafundo ya vidole vyako. Likiwa refu, linakunjika mbele ya mafundo hayo, kwa hiyo kila hatua unapigana na soli. Halafu kuna kushuka. Shuka kutoka juu Igogo au Mabatini baada ya mvua, kwenye zile ngazi za mawe ambazo kila nyumba imechonga za kwake, kila moja na kimo chake. Mguu unateleza ndani ya buti, vidole vinagonga ukuta wa mbele, hatua baada ya hatua. Ukifika barabarani kwenye daladala, kucha zinawaka moto.

Fundi mmoja wa Makoroboi aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Nilimpelekea buti la 44, akanishika kisigino, akatazama, akasema: "Kaka, mguu huu si wa 44. Huu ni 42 yenye mabega."

Zile herufi pembeni ya namba zina maana gani?

Ni upana. Kwenye viatu vya Marekani, D ni upana wa kawaida kwa wanaume, 2E ni pana, na 4E ni pana zaidi. Kwa wanawake B ndiyo ya kawaida, na D tayari ni pana. Clarks ya Uingereza ina mpango wake: kwa wanaume G ni ya kawaida na H ni pana. Kwa hiyo usione D ukafurahi kabla hujajua kiatu ni cha nani na kimetoka wapi. Herufi huchapwa kwenye ulimi au upande wa ndani wa shingo ya buti, na kwenye mitumba mara nyingi zimefutika nusu, ndiyo maana napenda kwenda na tochi ya simu. Ukiona 4E inayosomeka, simama hapo hapo.

Mabuti mengi ya mtindo wa peku hayana herufi hizi. Kampuni inatoa umbo moja pana na wewe unalinganisha na karatasi yako.

Gambuti halitoshi?

Kwa kusimama majini linatosha, tena hakuna linalolishinda. Ni mpira mtupu, halina mshono wa kuvujia, na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Ninalo na siliachi. Lakini lina mambo matatu yanayomtesa mwenye mguu mpana. La kwanza, mpira ulishamiminwa kwenye kalibu yake, fundi hawezi kuutanua. La pili, halifungwi kamba, hivyo ukinunua kubwa ili upana utoshe, kisigino kinapanda na kushuka na unapata malengelenge kabla ya saa nne asubuhi. La tatu ni jasho: kutwa nzima ndani ya gambuti kwa joto letu, ukilivua soksi unaikamua kama umetoka kuvua samaki.

Kanuni yangu ni kwamba maji yakipita kifundo cha mguu, navaa gambuti. Yakiwa chini ya hapo na kuna mwendo wa kutembea, navaa buti jepesi.

Ukitaka gambuti pana, jaribu lile la kulimia lenye shingo fupi, kwa kuwa mara nyingi limekatwa kwa nafasi zaidi kuliko lile refu la kiwandani. Toa soli yake ya ndani kama inatoka. Unapata milimita tatu au nne za kimo, na vidole vinapumua.

Utando wa kuzuia maji unafanyaje kazi, na unafaa joto la huku?

Utando ni tabaka jembamba linalowekwa ndani ya buti, chini ya kitambaa au ngozi ya nje, na unaojulikana zaidi ni Gore-Tex. Ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore huko Marekani mwaka 1969, alipovuta kwa ghafla plastiki iitwayo PTFE ikatanuka na kuwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ni vidogo mno kwa tone la maji kupita, lakini ni vikubwa kuliko chembe ya mvuke. Maji ya mvua yanabaki nje, mvuke wa jasho unatoka.

Hivyo ndivyo unavyotakiwa kufanya kazi. Mvuke hutoka vizuri pale ambapo ndani ya buti kuna joto na unyevu zaidi ya nje. Kwenye nchi ya baridi tofauti hiyo ni kubwa. Mwezi Aprili hapa kwetu, mvua imekatika, jua limetoka, mvuke unapanda kutoka kwenye lami ya Barabara ya Kenyatta, tofauti ni ndogo na jasho linatoka polepole. Utando unasaidia, ila usitegemee mguu mkavu kabisa jioni. Na maji yakiingia kwa juu, kwenye shingo ya buti, utando ule ule uliokuwa unayazuia kuingia unayazuia kutoka. Buti la namna hiyo linaweza kuchukua siku mbili kukauka.

Kwa maoni yangu, kama unatembea kwenye matope, majani yenye umande na mvua za vipindi, buti la ngozi nzuri lililopakwa nta linamtosha mtu wa Mwanza, na likichoka fundi analitengeneza. Utando una thamani kwa anayetembea saa nyingi mvuani bila kusimama. Katika hali zote mbili angalia ulimi wa buti. Uwe umeshonwa pembeni zote mbili na mwili wa buti hadi juu, kama mfuko. Ulimi ulioachia pembeni ni mlango wa maji, haijalishi sehemu nyingine imetengenezwa kwa nini.

Mlango Mmoja naweza kupata buti la namna hii?

Kwenye soko hilo la mitumba la hapa Mwanza unaweza, mimi nimepata mawili, lakini uende asubuhi siku wanapofungua mzigo, na uende na karatasi yako. Muuzaji wa mitumba anakujali kama mteja ila hajui mguu wako. Mwamkie, mwambie shida yako, umwachie namba. Mama mmoja ninayenunua kwake sasa hunipigia mwenyewe: "Baba, njoo, kuna pua pana imeingia."

Unapolishika buti la mtumba, anza na soli. Soli nyingi za mabuti ya matembezi zina tabaka la polyurethane, aina ya plastiki, katikati, na tabaka hilo huzeeka kwa unyevu hata kama buti halijavaliwa. Bonyeza kwa ukucha wa gumba pembeni ya soli. Ukucha ukizama na kuacha alama isiyorudi, au vikimeguka vipande kama mkate mkavu, rudisha. Buti linaweza kuwa limeng'aa juu kama jipya na soli ikabanduka yote ndani ya wiki. Limenitokea nikiwa Kayenze, kilomita nyingi kutoka nyumbani, nikarudi nimeifunga soli kwa kamba ya nyavu.

Kisha likunje. Tazama mahali linapokunjika juu ya vidole, hapo ndipo ngozi inapopasuka na utando unapochanika kwanza. Ingiza mkono ndani na upapase kitambaa cha kisigino, tundu hapo ni lengelenge la kesho. Mwisho, liweke mezani ulitazame kwa nyuma. Kama limelala upande mmoja, aliyelivaa kabla yako ameliachia mwendo wake, na mwendo huo utahamia kwenye goti lako.

Mabuti ya jeshi yaache hata yakikutosha. Mavazi ya kijeshi ni marufuku kwa raia.

Fundi anaweza kulipanua buti langu?

La ngozi, ndiyo, kwa milimita kadhaa. Analowesha kidogo, anaingiza kalibu yenye vibonge vya mbao pale panapobana, analiacha usiku mmoja au mbili. Mpelekee mguu wako pia, usipeleke buti peke yake. Mwonyeshe kwa kidole: "Fundi, hapa, kwenye fundo la kidole kidogo." Asitanue mahali pote.

La plastiki halitanuki, linarudi lilivyokuwa. Lenye utando usimpe kabisa, kwani utando na utepe uliobandikwa juu ya mishono vinaweza kuachana na maji yakapata njia. Na hakuna fundi anayeweza kubadilisha umbo la buti lenye ncha mbele. Upana wa kwenye mafundo anaweza kukuongezea, nafasi ya vidole hana pa kuitoa.

Kabla ya kwenda kwa fundi jaribu kamba. Ruka matundu mawili ya chini, anza kufunga kuanzia la tatu. Mbele pataachia na kisigino kitabaki kimeshikwa. Ni bure, na watu kadhaa niliowaonyesha hawakuhitaji fundi tena.

Soli nyembamba, na mawe yote haya ya Mwanza?

Hili naulizwa na kila mtu, na wana haki. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Jawabu ni kwamba mguu unayahisi mawe, na kuyahisi huko ndiko kunakoufundisha kukanyaga. Watu waliokua wakitembea peku wana sugu nene, na utafiti uliofanyika Kenya, ukachapishwa na jarida la Nature mwaka 2019, ulionyesha kwamba sugu inakinga unyayo bila kupunguza hisia zake. Soli nyembamba nzuri inajaribu kuiga sugu.

Jiwe lililolowa ni suala lingine. Granite yenye utelezi wa kijani haiangalii wembamba wa soli, inaangalia aina ya mpira na meno. Kwa matope chagua meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke. Kwa mawe chagua mpira laini wenye meno mafupi yanayogusa eneo kubwa. Buti moja halifanyi yote mawili vizuri. Mimi nilichagua mpira laini kwa sababu nyumbani kwangu ni juu mlimani, na tope naliweza kwa kutembea polepole.

Kinachoniogopesha kweli si mawe, ni miiba. Mwaloni kuna mwiba wa gogogo, yule samaki mwenye miba mitatu migumu, mmoja mgongoni na mmoja kila upande wa kichwa. Wavuvi wanamtupa chini akitoka kwenye nyavu, anakaukia kwenye mchanga mwiba ukitazama juu. Niliwahi kumkanyaga Igombe na soli ya milimita 4, mwiba ukapita na kuingia chini ya kidole cha kati. Nilichanjwa pepopunda siku hiyo hiyo, nawe fanya hivyo yakikukuta. Baadaye fundi alinibandikia ndani, chini ya soli ya ndani, kipande cha ngozi ngumu ya mkanda. Uzito haukuonekana, na buti bado linakunjika.

Nikilipata, naanzaje kulivaa?

Polepole kuliko unavyotaka. Kama umezoea viatu vyenye kisigino, misuli ya nyuma ya muundi imefupika na mifupa midogo ya unyayo haijazoea mzigo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwafuatilia kwa wiki 10 wakimbiaji waliohamia viatu vya soli nyembamba vya kampuni ya Vibram, vile ambavyo kila kidole kina kifuko chake. Vipimo vya MRI, yaani picha za ndani ya mwili, vilionyesha kuwa zaidi ya nusu yao mifupa ya mguu ilikuwa na uvimbe ndani. Na mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyohusu matangazo yake kwamba viatu hivyo vinaimarisha afya. Nayasema haya ingawa mimi ni mpenzi wa mabuti haya, kwa sababu wauzaji hawatakwambia.

Wiki ya kwanza livae nusu saa kwa siku, nyumbani na dukani. Ongeza kidogo kidogo. Maumivu ya misuli ya muundi asubuhi ni ya kawaida. Maumivu ya nukta moja juu ya unyayo, ambayo ukibonyeza unaruka, si ya kawaida. Simama, rudi kwenye viatu vya zamani, na yasipoisha nenda hospitali. Mimi ilinichukua miezi minne kufika kutwa nzima.

Nina kisukari. Yananifaa?

Mbele pana, ndiyo. Soli nyembamba, hapana, hasa kama miguu imeanza kufa ganzi. Unaweza kukanyaga msumari usijue. Zungumza na wahudumu wa kliniki yako kabla ya kununua chochote, na kila jioni kagua nyayo na ndani ya viatu kwa mkono.

Je, buti linanikinga na kichocho?

Linasaidia, mradi maji yasiguse ngozi. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata ngozi isiyo na kidonda. Kwa hiyo gambuti lenye shingo ndefu ni kinga nzuri unapoingia kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye matete na magugu. Buti fupi lililoingiwa na maji si kinga tena, umebeba maji ya ziwa ndani ya kiatu chako. Likiingiwa, vua, kausha miguu. Na wagawaji dawa wakipita na praziquantel, meza. Nawaomba hasa wenzangu wa mialoni, maana wengi wetu tunajiona wazima.

Buti langu lilikuwa linazuia maji, sasa linavuja. Kulikoni?

Kwanza jua linavujia wapi. Jaza karatasi za chooni ndani, weka buti kwenye beseni lenye maji yanayofika chini ya kamba, likunje kunje kwa mkono kwa robo saa. Toa karatasi utazame palipolowa. Mara nyingi ni pale panapokunjika, au pale mwili wa buti unapokutana na soli. La pili fundi analimaliza kwa gundi na sindano.

Ngozi iliyokauka ipake nta ya nyuki. Ya Tabora inapatikana sokoni kwa wauza asali. Iyeyushe kwenye bakuli lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke moja kwa moja motoni, changanya na mafuta kidogo ya ng'ombe, paka ikiwa vuguvugu, na uzidishe kwenye mishono. Ngozi itakuwa nyeusi zaidi, na panya watalipenda, hivyo lihifadhi juu. Buti la kitambaa chenye utando usilipake nta, utaziba vitundu. Hilo lioshe kwa maji matupu na brashi laini, kwa sababu mara nyingi tatizo ni uchafu tu, kitambaa cha nje kinanyonya maji na mguu unahisi baridi kana kwamba linavuja.

Nalikaushaje?

Toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti yakilowa, weka kivulini penye upepo. Usiliweke karibu na jiko la mkaa. Gundi inaachia na ngozi inapasuka. Jua kali la saa saba nalo ni jiko.

Mwanamke mwenye mguu mpana afanyeje?

Anunue la kiume. Mabuti ya kike hukatwa membamba zaidi kwa urefu ule ule. Kwa namba za Marekani, toa moja na nusu: anayevaa 9 ya kike ajaribu 7 na nusu ya kiume. Mke wangu alihangaika miaka na mabuti ya kike yenye maua pembeni, sasa anavaa la kiume jeusi na hataki kusikia habari nyingine.

Nikiagiza nje?

Bei ya buti jipya la kampuni nilizotaja, lisilopitisha maji, mara nyingi inazidi dola 150 kabla ya usafiri na ushuru. Andikia kampuni, wape urefu na upana kwa milimita, waulize upana wa ndani wa buti kwa namba yako. Wanaojibu kwa vipimo waamini. Wanaojibu "agiza namba yako ya kawaida" waache. Kurudisha mzigo kutoka huku ni hasara tupu.

Wewe unavaa lipi sasa?

La ngozi ya kahawia, la mtumba, lisilosomeka jina. Nililipata Mlango Mmoja kwa shilingi 38,000, na fundi alichukua 12,000 kushona ulimi pembeni na kubandika kile kipande cha mkanda. Soli yake ya ndani inazidi karatasi yangu kwa milimita mbili kila upande. Nimelipaka nta mara tatu tangu vuli ianze. Ukucha wa kidole kidogo umeota tena, mfupi na mnene, lakini upo. Jumatatu napanda meli ya Nansio, na gambuti liko tayari kwenye kiroba.